Sendofu ya Tatu ya Ndeshi

Utando hauvumilii jua. Hilo ndilo jambo la kwanza Elinisia alilofundishwa kwenye kozi ya wiki sita kule Arusha, na ndilo lililomwachia riziki wakati wapambaji wenzake wa Moshi walipofunga saluni zao wakaenda kuuza vitunguu. Ukiubandika usoni mwa mtu mchana, kila mwenye macho ataona ulipoanzia, mstari mwembamba unaopita chini ya taya na kupanda mbele ya masikio. Lakini ngoja jioni iingie, taa ziwashwe, na kazi apewe mpambaji anayejua anachofanya. Macho ayatie wanja na kivuli cheusi mpaka karibu na nyusi, mashavu ayachonge kwa rangi mbili, mdomo aukoleze zambarau. Hapo hata mama mzazi hataona kitu. Mama mzazi ndiye wa mwisho kuona, maana hatafuti.

Watu wa maabara walijua kuotesha utando kutoka kwenye seli za marehemu. Kupamba hawakujua. Kwa hiyo familia iliyotaka jioni moja zaidi na mtu wao, mmoja wao aketi mezani na uso wa aliyekufa ili wengine wapate kumuaga, ilibidi ipite kwa watu kama Elinisia, mama wa miaka hamsini na mitatu mwenye vidole vifupi na maneno marefu.

Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, alikuwa anaosha brashi zake kwenye beseni mlango ulipofunguliwa. Aliingia Baba Ndeshi, mzee mrefu aliyeanza kupinda mgongo, na nyuma yake binti yake Haika, mkono mmoja ameshika gauni kwenye mfuko, mwingine ameshika kisanduku cha baridi cha rangi ya buluu. Elinisia alikitambua kile kisanduku kabla hajawatambua wenyewe.

"Shikamoo, anti," Haika alisema.

"Marahaba, mwanangu. Baba Ndeshi, karibu. Lakini kama umekuja na hicho, jibu langu unalo tangu mwezi wa tatu."

"Ninalo," mzee alisema, akakaa kwenye benchi la wateja. "Silali kwa ajili yake."

"Mara mbili kwa mvaaji mmoja, basi. Imeandikwa kwenye mfuniko. Bodi inayosimamia maabara ndiyo iliyoandika, si mimi."

"Bodi haina mke, dada yangu."

Mke aliyetajwa Elinisia alimjua. Mama Ndeshi alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu hata kabla ya msiba. Binti yake mkubwa, Ndeshi, alikufa barabarani kwenye mvua, wiki mbili kabla ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga bibi harusi nyumbani kwao, kadi zikiwa zimeshagawiwa na ukumbi umeshalipiwa pamoja na vitambaa vya dhahabu. Mama alizika, akalia, akalala. Kesho yake aliamka akauliza, "Sendofu ni lini?" Wakamwambia. Akaanguka chini akalia upya, kilio cha mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza, maana kwake ilikuwa ni mara ya kwanza. Keshokutwa vilevile. Asubuhi arobaini na moja mfululizo walimuua yule mama na kumfufua, mpaka mzee aliposikia habari za utando.

Sendofu ya kwanza waliifanya kweli, na matarumbeta, na mshereheshaji, na wageni mia mbili ambao wote walijua na wote walinyamaza. Haika alivaa uso wa dada yake na gauni la dada yake, akawapelekea wazazi keki, akaagwa. Tangu siku hiyo, mama akimuulizia Ndeshi aliambiwa, "Yuko kwa mumewe," naye alitabasamu akarudi kwenye chai yake. Amani hiyo ilidumu miezi kumi na minne. Sendofu ya pili, wageni sitini, ilidumu miezi saba. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: mpaka wapishi walikuwa wamezoea, wanauliza tu kama ni pilau lilelile.

Elinisia ndiye aliyempamba Haika mara zote mbili. Na Elinisia ndiye aliyekuja kujua baadaye kwa nini Bodi iliandika vile.

Utando si barakoa ya kukaa tu juu ya ngozi. Una nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinapenya kidogo na kuipiga misuli umeme mdogo. Umefundishwa kwa video za marehemu. Mvaaji akitaka kucheka, atacheka kicheko cha marehemu. Akishangaa, nyusi zitapanda zilivyokuwa zikipanda za marehemu. Na misuli ni wanafunzi wazuri, inakumbuka kuliko kichwa. Mara ya kwanza inasahau baada ya siku mbili. Mara ya pili inachukua wiki, pengine miezi. Mara ya tatu maabara yenyewe haikutaka kusema, iliandika tu kwa herufi nyekundu.

Haika alikuwa mwalimu wa watoto viziwi. Kwa watu wengine uso ni wa kupendezea. Kwake ulikuwa wa kusemea. Kwenye lugha ya alama mikono ni nusu ya sentensi, nusu nyingine ni uso: nyusi zikipanda ni swali, zikikunjwa ni swali la namna nyingine, mdomo ukibinuliwa jambo linakuwa dogo au kubwa. Baada ya sendofu ya pili alirudi darasani, akauliza swali kwa mikono, na nyusi zikakataa kupanda. Uso ukatoa tabasamu pana, kichwa kimeinamishwa kidogo kushoto, tabasamu la Ndeshi lile lililokuwa likipendwa na mtaa mzima. Watoto wakamtazama. Mmoja akauliza kwa mikono, "Mwalimu, mbona unatudanganya?"

Miezi minne walikaa wawili mbele ya kioo cha saluni kila Jumapili, Elinisia akimshika nyusi kwa vidole, kuzipandisha na kuzishusha, mpaka uso ukarudi kwa mwenyewe. Karibu wote.

"Kwa hiyo hapana," Elinisia alisema sasa. "Unisamehe, lakini hapana."

Mzee aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa jani refu la kijani lililofungwa fundo katikati. Isale. Kihamba chao, shamba la ukoo, kilikuwa kimeuzwa zamani, na masale ya mpakani yaling'olewa pamoja na migomba, lakini Elinisia alijua mzee anaotesha shina moja kwenye kopo la rangi pale barazani. Akaliweka juu ya meza kwa mikono yote miwili, katikati ya brashi.

Mtu asiye wa mlimani angeona jani. Mchaga akiletewa isale na mtu aliyeshuka mpaka akainama, hamfukuzi. Watu wamesamehe damu kwa jani hilo. Elinisia alilitazama, hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Isale ni la kuombea kosa lililokwisha kutendwa," alisema. "Hili bado."

"Nimewahi tu," mzee alisema. Hakuwa anafanya mzaha. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu aliyelia akiwa peke yake.

Hapo ndipo Elinisia alipojiona ana akili. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, lakini wa Elinisia uliponza kichwa cha mwenzake.

"Umekosea mlango, Baba Ndeshi," alisema. "Huu uso si wangu mpaka uniombe mimi. Mwenyewe amesimama pale. Mpelekee."

Alidhani mzee ataona haya. Alidhani pia, na kwa hili alijuta baadaye kuliko lile, kwamba anamfungulia Haika mlango wa kusema hapana.

Mzee akaliokota jani, akainuka, akageuka. Alikuwa na miaka sabini na moja. Akainama mbele ya mtoto wake wa kumzaa, magoti yakimlia, akamnyooshea isale.

Haika alishtuka kana kwamba amemwagiwa maji. Tangu dunia iumbwe nani aliona baba akimwinamia binti? Kisanduku alikiweka chini. Mikono yake ikatoka yenyewe, yote miwili, alivyofundishwa na mama yake akiwa mdogo, ikalipokea jani.

"Inuka, baba," alisema. "Imekwisha."

Elinisia alikaa kwenye kiti cha kuzunguka. Dakika tano zilizopita msichana yule angeweza kukataa. Baba anakataliwa, wasichana wanawakataa baba zao kila siku na dunia inaendelea. Isale halikataliwi. Na aliyemwelekeza mzee ni yeye.

*

Walipobaki wawili, pazia limefungwa na mzee amekwenda kupanga viti nyumbani, Elinisia alimwosha uso kwa maji ya vuguvugu.

"Sema hutaki," alimnong'oneza. "Sema tu. Nitamwambia utando umekufa kwenye kisanduku. Vinakufa vitu hivi, nani atajua?"

"Nimeshapokea, anti."

"Jani hilo halikuwa lako kulipokea. Mimi ndiye mpumbavu."

Haika alikuwa amefumba macho. Uso wake, bila kitu, ulikuwa mwembamba na wa tahadhari, na nyusi ya kulia ilikaa juu kidogo ya mwenzake, daima kama anayetaka kuuliza.

"Leo asubuhi baba alichoka akamwambia ukweli," alisema. "Nilikuwa nafua nje. Nilikisikia kile kilio. Nilimwaga maji yote, sijui hata kwa nini. Wewe ungefanyaje?"

"Sijui."

"Na kuna jingine. Usinicheke." Akangoja sponji ipite chini ya jicho. "Mimi hanijui, anti. Miaka miwili sasa. Ananiita dada wa kazi. Juzi kanisifia kwamba naosha vyombo vizuri, akaniuliza kama mama yangu yuko hai. Lakini nikivaa hii ananishika. Sendofu iliyopita alinilisha keki akanifuta mdomo kwa kidole chake. Jioni nzima hakuniachia mkono."

Elinisia aliisuuza sponji. Katika nyumba ile baba aliitwa Baba Ndeshi na mama aliitwa Mama Ndeshi, kama ilivyo desturi ya kila mzazi kuitwa kwa kifungua mimba wake. Haika hakuwamo kwenye jina la mtu yeyote.

"Masaa mawili," alisema mwishowe. "Nikiubandika saa kumi na moja na nusu, saa moja na nusu nautoa, hata kama mpo katikati ya maombi. Ukizidi hapo misuli haitarudi. Umenielewa? Haitarudi."

"Nimekuelewa."

Alifungua kisanduku. Utando ulielea kwenye maji yake, wa rangi ya ngozi, na matundu mawili ya macho. Aliuinua kwa vibano, akautandaza kuanzia paji la uso, akishuka, akitoa hewa kwa kidole gumba. Haika alikunja ngumi. Sekunde kumi hakukutokea kitu. Kisha nyuzi zikapata misuli, na uso ukatetemeka mara moja kuanzia kidevuni. Nyusi ya kulia ikashuka ikalingana na ya kushoto.

Baada ya hapo ilikuwa kazi, na Elinisia alifanya kazi, kwa sababu mikono iliyozoea haiulizi. Aliufunika mstari kwa fondesheni nzito, akausugua mpaka shingoni. Akapaka kahawia iliyoiva chini ya mashavu na dhahabu juu yake. Macho aliyapa muda mrefu kuliko vyote: kijivu kwanza, kisha zambarau kwenye kona, kisha nyeusi kabisa juu ya kope, akaisambaza kwa brashi kavu mpaka ikawa kama moshi wa jikoni unaotafuta pa kutokea. Wanja ndani na nje. Kope za bandia, za kushoto na za kulia, gundi ikipulizwa kwa pumzi. Mdomo aliuchora kwa penseli, akaujaza zambarau iliyokolea. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alijichukia kwa kuona hivyo.

Bibi harusi alifumbua macho akajitazama kiooni. Kichwa kikainama kidogo kushoto.

"Asante, anti," alisema Ndeshi.

*

Sendofu ya tatu ilifanyika sebuleni. Wageni walikuwa tisa, ukimhesabu na Elinisia. Shemeji mmoja alikuwa na spika ndogo na kipaza sauti asichokihitaji. Watu walikaa kwa adabu ya msibani, sahani za pilau magotini, wanatabasamu kila mama alipogeuza shingo upande wao.

Mama Ndeshi alikuwa amevalishwa kitenge kipya na kilemba. Mlango ulipofunguliwa na bibi harusi akaingia, aliweka mikono miwili mdomoni, kisha akapiga kigelegele, peke yake, chembamba, kikakatika katikati. Akasimama, akaenda kumshika.

"Ndeshi wangu. Wamekupamba, mama. Wamekupamba ukapambika."

Kila mtu aliangalia sahani yake. Elinisia alikaa pembeni karibu na kabati, mkoba mapajani, ndani yake chupa ya mafuta ya kuvulia. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili na dakika kumi.

Mambo yalikwenda haraka, kwa vile mzee aliharakisha. Sala ikasaliwa. Shangazi akasema neno. Keki ililetwa, ndogo, nyeupe. Shemeji akatangaza utambulisho, yaani bibi harusi awatambulishe watu wa nyumbani kwake, na bibi harusi akasimama akawatambulisha: huyu ni baba yangu mzazi, huyu ni mama yangu mzazi, huyu ni shangazi. Makofi machache. Mzee alikuwa ameshashika kisu cha keki.

"Bado," Mama Ndeshi alisema.

"Bado nini, Mama Ndeshi?" mzee aliuliza.

"Hajamtambulisha mdogo wake." Alikuwa anazungusha macho chumbani, kiti kwa kiti. "Haika yuko wapi?"

Mzee alibaki na kisu hewani. Sendofu ya kwanza mama hakuuliza, wala ya pili. Jina hilo halikuwa limetoka mdomoni mwake kwa miaka miwili, na sasa lilitoka jepesi, kama la mtu aliyekuwepo hapo asubuhi.

"Anakuja, mama," alisema bibi harusi.

"Basi tumngoje. Keki haikatwi bila yeye." Alikaa, akazitandaza mikono juu ya kitenge. "Nyinyi mnamfanya yule mtoto kama hayupo. Naona. Nanyamaza tu, lakini naona. Ndeshi hivi, Ndeshi vile. Usinichukie mwanangu, leo ni siku yako, lakini nitasema. Nilipolazwa na ile nimonia ni nani alinisugua miguu usiku kucha? Alikuwa na miaka kumi na mbili. Daktari akaniuliza huyu ni nesi wa wapi. Mtoto hapigi kelele, ndiyo maana mnamsahau."

Shangazi alijifunika uso kwa ncha ya khanga. Elinisia alimtazama bibi harusi, na bibi harusi alikuwa anatabasamu, tabasamu pana la kupendwa na mtaa mzima, kichwa kimeinama kushoto. Chini ya rangi ile yote alikuwemo mtu anayeambiwa maneno aliyoyangoja miaka, na hakuwa na msuli hata mmoja wa kuyapokelea.

"Ana nyusi moja juu," mama aliendelea kumwambia shemeji, ambaye alikuwa anatamani ardhi impasukie. "Tangu alipozaliwa. Nilimwambia mkunga, huyu ametoka ana swali."

Saa moja. Saa moja na robo. Mzee alijaribu kusema chakula kinapoa, akanyamazishwa kwa mkono. Mama alieleza jinsi Haika alivyochelewa kusema mpaka wakadhani ni bubu, jinsi alivyoiba sukari akaungama kabla hajaulizwa. Ilikuwa kumbukumbu nzima, imetoka sijui wapi, safi, haina tundu hata moja.

Saa moja na nusu Elinisia alisimama. Moyoni alikuwa ameshakata shauri. Anayetafutwa yuko hapa, alijiambia, umbali wa kitambaa kimoja chenye mafuta. Nikimfuta mbele ya mama yake, mama atampata Haika. Na kwa sekunde hiyohiyo atampoteza Ndeshi kwa macho yake mwenyewe, uso ukivuliwa kama ganda, na kile kilio cha asubuhi kitakuwa cha mchezo. Basi si hapa. Chumbani. Atamtoa kwa kisingizio cha wanja, atamrudisha akiwa Haika, na huyo bibi harusi atakuwa ameondoka na mumewe. Lingewezekana. Lilihitaji dakika tatu tu.

Alimwinamia bibi harusi sikioni. "Twende ndani nikurekebishe wanja. Sasa hivi, mwanangu. Muda umekwisha."

Vidole vya bibi harusi vilimshika kiganja. Vilikuwa vya baridi, na vilibana sana.

"Bado, anti," alimnong'oneza. Ilikuwa sauti ya Haika. "Ananiulizia."

"Nikikutoa hapa utarudi ukiwa wewe. Atakuona."

"Nikirudi nitakuwa dada wa kazi. Unamjua. Nikitoka tu hapa atasahau alikuwa anamngoja nani." Vidole vikazidi kubana. "Hajawahi kunisema hivi. Wacha amalize. Acha anisubiri kidogo."

Elinisia aliutazama ule uso aliouchora kwa mikono yake, karibu kabisa, akitafuta woga, au machozi, au alama yoyote ya kumwezesha kumburuta kwa nguvu. Aliona furaha ya msichana aliyekufa zaidi ya miaka miwili iliyopita. Hakuna kilichomwambia kama anamwacha mtu azame au anamwachia kitu pekee alichowahi kutaka. Saa ya ukutani ilisogea, saa moja na dakika thelathini na sita.

Akarudi kwenye kiti chake akakaa, chupa mkononi haijafunguliwa.

Pilau lilipoa kwenye sahani. Mama Ndeshi aliinuka, akakiburuta kiti chake taratibu, akakigeuza, akakaa akiwa amempa mgongo bibi harusi na kuelekea mlangoni, ili Haika akiingia yeye awe wa kwanza kumwona.